Uzi Uliokatwa na Kifua cha Farasi

Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha Tanga mjini. Mbele palikuwa na pazia la bluu na stuli ya mbao kwa ajili ya picha za pasipoti. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza: taa nyekundu, mabeseni matatu ya dawa, na kamba iliyotundikwa picha zinazochuruzika maji. Niliruhusiwa kuingia humo nilipokuwa darasa la tano. Lakini kabla ya dawa, Mjomba alinifundisha kidole.

"Mwanangu," aliniambia, "jicho linaona, lakini anayepiga ni kidole. Kidole kikichelewa, umepiga kitu kingine."

Alinisimamisha mlangoni na kamera isiyo na filamu, nipige baiskeli zinazopita barabarani. Nilikuwa nabonyeza, naye anauliza, "Umempata?" Najibu, "Nimempata, Mjomba." Anatikisa kichwa. Baiskeli ilishapita. Nilichokipata ni ukuta wa duka la mbele na vumbi. Tulifanya hivyo jioni nyingi mpaka kidole changu kikaanza kutangulia jicho.

Leo napiga picha za michezo, na bado kidole ndicho kinachonilisha. Ndiyo maana siku nilipoelewa vizuri jinsi mpiga picha Eadweard Muybridge alivyowapiga picha farasi wa Palo Alto, California, mwaka 1878, nilishindwa kuendelea na kazi iliyokuwa mbele yangu. Mtu huyu alikiondoa kidole. Alimwachia farasi ajipige picha mwenyewe.

Kadi maarufu kuliko zote ina picha kumi na mbili ndogo, safu tatu za picha nne nne. Ni farasi jike aitwaye Sallie Gardner, na mpanda farasi mgongoni. Kwenye picha nyingi wote wawili ni weusi kama vivuli mbele ya ukuta mweupe wenye mistari ya wima iliyopewa namba. Maandishi ya chini yanasema farasi ni wa Leland Stanford, na kwamba alikimbia kwenye uwanja wa Palo Alto tarehe 19 Juni 1878, kwa kasi ya maili moja kwa dakika 1 na sekunde 40. Ni kama kilomita 58 kwa saa. Ukiitazama picha ya pili na ya tatu, utaona kwato zote nne ziko hewani. Miguu imekunjwa chini ya tumbo, imesogeleana, karibu kugusana.

Hapo pa miguu iliyokunjwa nitarudi. Kwanza swali lenyewe.

Stanford alikuwa amewahi kuwa gavana wa California, na alikuwa rais wa kampuni ya reli ya Central Pacific. Alipenda farasi wa mbio, hasa wale wanaovuta kigari kwa mwendo wa matiti. Kwa asiyeishi na farasi: matiti ni mwendo wa kati, si wa kutembea wala wa shoti, ambapo mguu wa mbele wa kulia huenda pamoja na mguu wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili hufuata. Wapenzi wa farasi walibishana miaka mingi: je, kati ya jozi moja na nyingine, kuna nukta ya muda ambapo farasi hagusi ardhi kabisa? Stanford aliamini ipo. Mwaka 1872 alimwita Muybridge ampige picha farasi wake Occident akiwa kwenye matiti. Watu husimulia kwamba kulikuwa na dau la dola 25,000. Ni hadithi tamu lakini haina ushahidi, na mimi naona haihitajiki. Tajiri kuudhiwa na swali asiloweza kulijibu kwa macho yake mwenyewe ni sababu tosha.

Kwa nini macho hayakutosha? Binadamu ameishi na farasi kwa maelfu ya miaka. Amempanda, amempiga viatu vya chuma, ameenda naye vitani. Wachoraji wamemchora tangu zama za mapango. Na bado walipomchora akipiga shoti, walimnyoosha: miguu miwili mbele kabisa, miwili nyuma kabisa, tumbo linaelea juu ya nyasi. Kuna mchoro wa Mfaransa Géricault wa mbio za farasi za Epsom, Uingereza, wa mwaka 1821, uko kwenye makumbusho ya Louvre jijini Paris. Farasi wote wamenyooka namna hiyo. Ni mchoro mzuri mno. Lakini farasi hakai hivyo hata mara moja katika hatua yake nzima ya shoti. Anapokuwa hewani, miguu imekusanyika chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa sahihi kwamba farasi hupaa, wakakosea ni lini.

Nilijaribu mwenyewe nilipokwenda Lamu. Nilikaa kwenye ukuta wa ufukweni nikiangalia punda wanavyopita, wengine na mifuko ya mchanga, wengine na vijana mgongoni. Nilijiambia, mimi macho yangu yamezoea, nitaona. Akaja punda mmoja wa kijivu, kijana amemkalia nyuma kwenye kiuno kama wafanyavyo huko, anamhimiza kwa mdomo. Niliangalia miguu tu, sikuangalia kingine. Sikuambulia kitu. Niliona miguu mingi kuliko minne, kisha mkia. Aliporudi nilikuwa nimetoa simu na kuiweka kwenye mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde. Usiku, chumbani, nilisogeza kwa kidole picha moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nilipoona kivuli chake mchangani kimeachana na kwato. Upana wa viganja viwili hivi. Kwa picha chache tu. Kisha ukwato mmoja ukashuka, na mchanga ukainuka kuuzunguka.

Simu ile ilinifanyia kwa sekunde moja kazi iliyomchukua Muybridge miaka sita.

Nataka msomaji aone ugumu wake, kwa sababu tumezoea vibaya. Mwaka 1872 hapakuwa na filamu. Picha ilipigwa kwenye kioo. Unachukua bamba la kioo safi, unalimwagia kolodioni, dawa nzito inayonata, unalizungusha mkononi mpaka ienee sawasawa bila kuacha alama. Unaliingiza gizani kwenye naitreti ya fedha ili lipate kuhisi mwanga. Unalitoa likiwa bichi, linachuruzika, unalipeleka kwenye kamera, unapiga, unakimbia nalo kulisafisha kabla halijakauka. Likikauka, umepoteza. Dakika chache tu. Mjomba, ambaye alilalamikia karatasi zilizopitwa na muda, nadhani angemwonea huruma sana mtu huyu.

Na dawa ile ilikuwa nzito kupokea mwanga. Kupiga picha ya mandhari ilikuwa kawaida kuacha lenzi wazi kwa sekunde nyingi. Muybridge alikuwa fundi wa mandhari. Alizaliwa Kingston upon Thames, Uingereza, mwaka 1830, akiitwa Edward James Muggeridge, akahamia Marekani, akauza vitabu San Francisco. Mwaka 1860 gari la farasi alilopanda lilipinduka Texas akaumia vibaya kichwani, akarudi kwao kutibiwa. Aliporudi California alikuwa mpiga picha, akajiita Helios, yaani jua kwa Wagiriki, na picha zake za bonde la Yosemite zikampa jina. Maporomoko yake ya maji yanafanana na pamba, kwa sababu maji yalitembea wakati lenzi iko wazi. Huyo ndiye aliyeambiwa amsimamishe farasi.

Majaribio ya kwanza ya 1872 na 1873 yalitoa kivuli kisicho na maelezo. Kisha mambo yakakatika kwa namna mbaya. Oktoba 1874 Muybridge alimpiga risasi na kumuua Harry Larkyns, mwanamume aliyekuwa na uhusiano na mkewe, Flora. Februari 1875 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru, likisema mauaji yale yalikuwa na haki. Akaondoka kwenda Amerika ya Kati kupiga picha. Flora alifariki mwaka uleule, akiwa bado kijana, na mtoto wao akaishia kwenye kituo cha yatima. Nimesoma wasifu wake unaopita hapo haraka kama anayeruka dimbwi. Mimi siwezi. Naipenda kazi hii kwa moyo wote, na najua kwamba aliyeifanya aliua mtu na kumwacha mtoto wake. Yote mawili yako mezani.

Mwaka 1877 alirudi kwa Stanford. Akatoa picha ya Occident akiwa kwenye matiti, safi, na dereva wake kwenye kigari, na akaituma magazetini. Wapiga picha wenzake wakaitilia shaka. Na shaka yao ilikuwa ya haki: ile haikuwa picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kioo. Mchoraji alikuwa ameichora upya kwa kufuata negativu, uso wa dereva ukabandikwa kutoka kwenye picha halisi, kisha kitu chote kikapigwa picha tena. Wakati ule kurekebisha kwa brashi hakukuwa aibu. Hata Mjomba alikuwa na penseli yake ya kufuta makunyanzi ya bibi harusi. Lakini mtu akikuuliza kwato ziko wapi, huwezi kumjibu kwa brashi. Mkono ulioshika brashi unajua tayari jibu unalolitaka.

Naamini uzi ulizaliwa kutokana na shaka hiyo, au angalau shaka hiyo ndiyo iliyoupa thamani.

Pale Palo Alto, kwenye shamba la farasi la Stanford ambapo leo kipo chuo kikuu chenye jina la mwanawe, lilijengwa banda refu kando ya njia ya kukimbilia. Ndani yake zilipangwa kamera kumi na mbili. Ng'ambo ya njia ukasimamishwa ukuta mweupe, wenye mistari ya kupimia kila inchi 27, karibu sentimita 69. Kila kamera iliwekewa vibao viwili vinavyopishana mbele ya lenzi, kimoja kikipanda kingine kikishuka, na mwanga ulipita pale tu matundu yake yalipokutana. Vibao vilifyatuliwa kwa sumaku ya umeme. Ufundi huo wa umeme aliufanya kwa msaada wa John D. Isaacs, mhandisi wa reli ya Stanford. Kwa farasi wa kigari, gurudumu lilikanyaga nyaya zilizotandazwa njiani na kuunga umeme. Kwa farasi wa kupandwa, nyuzi nyembamba zilivutwa kukatiza njia kwenye kimo cha kifua. Farasi anapiga shoti, kifua kinauvuta uzi, umeme unaungana, vibao vinapishana, uzi unakatika. Sentimita 69 mbele, uzi mwingine.

Maandishi ya kadi yanasema kati ya picha na picha kulikuwa na kama sehemu ya ishirini na tano ya sekunde, na kila bamba lilipata mwanga kwa muda usiofika sehemu ya elfu mbili ya sekunde. Nilipiga hesabu. Kwa kasi ile, katika muda huo mwili wa farasi unasogea kama milimita 8. Upana wa kidole changu cha mwisho.

Tarehe 15 Juni 1878 waliitwa waandishi wa habari waje washuhudie. Safari hii hakuna aliyepelekewa picha nyumbani. Walisimama pale, wakaona farasi wa kigari, Abe Edgington, akipita kwa matiti, mabamba yakasafishwa mbele yao yakiwa bado mabichi. Kisha akaletwa Sallie Gardner. Jike lile halikuwa limezoea kukata nyuzi kwa kifua. Akashtuka, akaruka, na mkanda wa tandiko ukakatika. Mabamba yaliposafishwa, mkanda uliokatika ulionekana unaning'inia.

Hapo ndipo ninapopapenda kuliko popote. Mkanda ule ulimaliza ubishi kuliko hotuba yoyote. Hakuna mchoraji ambaye angepanga ukatike. Muybridge mwenyewe hakujua. Kilichotokea njiani kilikuwa kimeandikwa kwenye kioo bila kumwomba mtu yeyote ruhusa, na wale waandishi waliokuja na shaka walikuwa wameuona ukikatika kwa macho yao dakika chache kabla.

Habari ilienea haraka. Oktoba mwaka huo jarida la Scientific American liliweka farasi hao ukurasa wa mbele, na Desemba wakatokea kwenye jarida la La Nature, Paris. Huko wakamfikia Étienne-Jules Marey, tabibu na mwanasayansi aliyekuwa akichunguza mwendo wa farasi kwa kuwafunga vipira vya hewa chini ya kwato na kuruhusu kila kishindo kijichore kwenye karatasi inayozunguka. Naye alikuwa amefikia jibu lilelile kabla, kwa mistari tu, bila picha. Na inasemekana kitabu chake cha 1873 kiliichochea upya hamu ya Stanford. Marey alifurahi sana kuona picha, lakini akaona pia kasoro ya uzi: uzi hupima umbali, haupimi muda. Farasi akiongeza mwendo katikati, picha zako zitakuwa na nafasi sawa za njia na nafasi zisizo sawa za wakati. Mwaka 1882 Marey akatengeneza bunduki ya picha, lenzi moja, picha kumi na mbili kwa sekunde, kwa ajili ya ndege arukaye, maana huwezi kumtegea ndege uzi. Watu hawa wawili, wenye herufi moja za mwanzo za majina, walizaliwa mwaka mmoja na kufariki mwaka mmoja, 1904, siku chache kati ya mmoja na mwingine.

Muybridge naye alitengeneza mtambo wa kuwarusha farasi wake ukutani kwa taa na sahani ya kioo inayozunguka, miaka mingi kabla ya sinema. Kwenye sahani hizo farasi walichorwa kwa mkono, tena wakarefushwa kuliko umbo lao, kwa sababu mtambo ulipozunguka uliwabana. Watu wa San Francisco walimwona farasi akikimbia ukutani mwaka 1880.

Kisha ikaja 1882, na hapa huwa naumia. Stanford alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mwendo wa farasi. Mwandishi aliyetajwa ni daktari rafiki yake, J. D. B. Stillman. Jina la Muybridge halikuwekwa kwenye ukurasa wa kwanza; alitajwa kwenye utangulizi kama mpiga picha hodari aliyeajiriwa. Wakati huo Muybridge alikuwa London, anapokelewa kwa heshima, na Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ilikuwa tayari kuchapisha makala yake. Kitabu kilipotokea, wakaisimamisha: kama kazi ni yake, mbona jina si lake? Alishtaki Marekani, akashindwa.

Fikiria. Alifanya kila awezalo kuutoa mkono wake kwenye picha ili picha iaminike. Ikaaminika. Halafu wakamwambia: mkono wako hatuuoni humu. Farasi alikata uzi, mhandisi aliunga umeme, tajiri alilipa. Wewe ulifanya nini?

Mimi nimewahi kuiona picha yangu kwenye bango kubwa la barabarani bila jina langu na bila simu moja ya kuniuliza. Msichana wa mbio za kupokezana vijiti, kijiti kiko kati ya mikono miwili, hakijaachwa na hakijashikwa. Nilipokwenda kulalamika, kijana wa mapokezi aliniambia kwa upole kabisa kwamba kamera za siku hizi zinapiga zenyewe. Sikuwa na la kumjibu siku ile. Leo ningemwonyesha kadi ya Sallie Gardner na kumwuliza nani aliamua uzi ukae kwenye kimo cha kifua. Nani alichagua inchi 27. Nani alisafisha mabamba kumi na mbili mabichi kabla hayajakauka. Uzi ulijikata, lakini haukujifunga.

Baada ya hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kati ya 1884 na 1886 akapiga kila kinachotembea: wanaume wakiinua mawe, wanawake wakipanda ngazi na ndoo ya maji, wagonjwa wa hospitali, tembo na simba wa bustani ya wanyama ya Philadelphia. Mabamba yakawa makavu, muda ukapimwa kwa saa. Kazi hiyo ilichapishwa 1887, kurasa 781. Ni hazina, na nimeitumia kujifunza jinsi bega linavyotangulia mkono katika kurusha. Lakini watafiti waliozichunguza kurasa hizo waligundua kwamba kwenye nyingi kuna picha zilizokosekana na kuzibwa kwa nyingine, na mfululizo usio mfululizo. Mkono ulirudi. Alikuwa msanii, alitaka ukurasa ujae, upendeze. Namwelewa, na bado naziamini zaidi zile picha nyeusi za 1878 zisizo na uso wala nywele.

Mjomba alifunga studio watu walipoacha kuleta filamu. Nilimpelekea nakala ya kadi ile, nimeichapa kubwa, na kumsimulia habari za uzi. Aliivuta karibu na dirisha, akavaa miwani, akapitisha ukucha kwenye safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakusema lolote kuhusu kwato zilizo hewani. Alisimama kwenye picha ya mwisho, ya kumi na mbili.

"Hapa mbona kasimama?"

Kweli, amesimama. Picha kumi na moja anakimbia, ya kumi na mbili katulia mbele ya ukuta, mpanda farasi kakaa wima mgongoni, kwato zote nne ziko chini. Hakuna kifua kilichokuwa kikikata uzi hapo.

"Basi hii," Mjomba akasema, "ameipiga yeye."